Nilivyowazuia Majirani Kuja kwa Mnada

Alhamisi, Julai 1974. Baridi. Manyunyu tangu asubuhi, jua hakuna.

Nyumba imeenda.

Naandika hiyo kwanza, sitaki kuizunguka. Mimi si mtu wa kuandika, shule niliachia darasa la tatu. Lakini wasichana wangu wawili, Nafula na mdogo wake, wako kwa jirani wakiota moto, na sina mtu wa kuambia.

Mkopo tulichukua mimi na mama yao. Tulijenga vyumba vya mawe hapa Kangemi, cheti cha ploti tukaacha dhamana kwa ofisi ya mkopo huko mjini. Yeye ndiye alikuwa anapeleka pesa kila mwezi. Alipokufa, mimi sikupeleka tena. Barua zilikuja, nikaweka chini ya godoro. Nilikuwa nachimba msingi wa nyumba za watu huko Spring Valley, narudi nimechoka, nasema nitasoma Jumapili.

Jumapili sikusoma.

Halafu karatasi ikabandikwa kwa geti yangu. Mnada.

Nilienda ofisini. Karani aliniambia vizuri, simlaumu. Deni ni elfu kumi na moja. Ukileta yote kabla nyundo ya dalali igonge, nyumba ni yako. Ikigonga, si yako tena. Nikamwuliza, na kama hakuna mtu amekuja kununua? Akasema basi siku hiyo haiuzwi.

Hiyo neno moja ndiyo nilishika.

Jumapili, kanisa ilipotoka, nilipita mlango kwa mlango nikiomba watu wasije. Huku kwetu ni aibu kununua nyumba ya jirani na yeye anakuangalia, kwa hivyo hakuna aliyekataa. Niliogopa sana Baba Njeri, mwenye ng'ombe wa maziwa. Pesa anayo, na ploti yake imegusana na yangu. Nilimshika mkono sikuachilia.

"Baba Nafula," akasema, "kwani mimi ni fisi? Siji."

Hakuja. Hakuna hata mmoja alikuja. Walishika neno lao wote.

Leo saa nne dalali akafika na kengele yake. Akapiga, akapiga. Barabara yote kimya, milango imefungwa. Nilisimama hapo kwa manyunyu nikisikia raha, nasema kweli. Niliona tumemweza.

Halafu gari ndogo ikasimama. Akatoka mtu mmoja wa koti, huku hajulikani. Alikuwa ameona tangazo kwa gazeti.

Gazeti! Mimi nafunga milango ya Kangemi, kumbe mnada umetangazwa nchi nzima.

Dalali akasoma masharti. Atakayeshinda alipe robo hapo hapo, ile ingine aikamilishe kwa mwezi mmoja. Mtu wa koti akasema elfu saba. Dalali akaangalia huku na huku, akaangalia hata mimi.

"Nani ataongeza? Jameni, nyumba ya mawe hii! Mnalala?"

Hakukuwa na mtu wa kuongeza. Niliwafukuza mimi mwenyewe.

Akaita mara tatu. Nyundo ikagonga.

Akanieleza kama mtu anaeleza mtoto. Nyumba imeuzwa elfu saba, deni ni kumi na moja, kwa hivyo elfu nne bado ni deni yako mzee. Na ada yake yeye dalali pia iko juu yangu. Yaani kengele ya kuniuzia nyumba nalipa mimi.

Mchana Baba Njeri alileta maziwa ya watoto. Aliposikia bei akakaa chini kwa jiwe.

"Saba? Mimi ningefika kumi na mbili, ndugu yangu. Deni ingeisha. Na ungebaki tu hapo, unalipa kodi kidogo kidogo. Hiyo ndiyo nilitaka kukuambia Jumapili, lakini ulinishika mkono ukalia."

Ni kweli nililia. Maziwa nilipokea.

Saa kumi yule wa koti alirudi na kamba kupima ploti. Akaona simiti kwa viatu vyangu, akaniuliza kama mimi ni fundi. Nikasema kibarua. Akasema akimaliza kulipa atabomoa hivi vyumba ajenge ghorofa. Anatafuta mtu wa kutoa mabati na mawe polepole bila kuvunja, ayatumie tena.

"Usione vibaya mzee," akasema. "Nimenunua tu."

Nilitaka kumtukana.

Nikamwuliza analipa ngapi kwa siku.

Analipa kuzidi wale wa Spring Valley. Na elfu nne hailipwi na hasira. Nimekubali. Mwezi ukiisha nitapanda juu ya nyumba yangu, nitoe misumari nilipiga mimi siku zile, marehemu mama Nafula akiwa chini ameshika ngazi.

Nianzie chumba gani?