Ruhusa ya Zubeda

Magindu, tarehe 12 Mfungo Nane, mwaka wa Kizungu 1936

Kwa kaka yangu Mwinyimadi, mwalimu wa chuo cha Kurani, Marui.

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Mwamini na watoto, na kile kikohozi cha wakati wa mvua kiwe kimekuacha kifua. Mimi mwili wangu hauna neno. Mpunga wa bondeni tumevuna, nguruwe wametubakizia zaidi kuliko mwaka jana, na homa iliyonilaza mwezi wa Maulidi imekwisha. Shemeji yangu Isihaka ni mzima, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Barua yako nimeipata Ijumaa kwa mkono wa karani wa stesheni, nimeisoma mara tatu. Umeniuliza neno moja tu: kwa nini mke mwenzangu Zubeda hakuja kumuuguza mama yake, akafika Marui siku ya pili baada ya maziko, na hali wewe mwenyewe ulituandikia mapema kwamba Bi Biasha yu mahututi na anamtaja mwanawe. Umesema watu wa huko wanamsengenya, kwamba ndoa imemsahaulisha tumbo lililomzaa. Kaka, wanamwonea. Nitakueleza tangu mwanzo, nawe unistahimilie, maana mimi huandika barua za wengine. Ya mambo yangu mwenyewe sijazoea.

Unakumbuka Mashaka alipomwoa Zubeda, sasa ni mwaka wa sita, ulikuja hapa kuniliwaza ukanikuta natwanga kama siku zote. Ulinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Mume wangu sikuwa nikimtamani kiasi cha kumgombania, na zamu za Zubeda sikuzihesabu hata siku moja. Wanawake wa hapa walinionea huruma ya uke wenza, nami nikaipokea huruma yao kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuwaeleza.

Wivu ulinijia baadaye, na ulikuja kwa njia nyingine. Zubeda ni mfinyanzi, wewe wajua, kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Hapa Magindu aligundua udongo mzuri kule kwenye kijito, akawa anafinyanga mitungi na vyungu, na watu wakawa wanatoka Gwata kumfuata. Akikaa mbele ya udongo wake hamsikii mtu. Shemeji Isihaka akimwita humwitikia, lakini hainuki mpaka amalize mdomo wa chungu. Mimi nikiitwa huinuka kabla jina langu halijaisha. Nilikuwa nikimtazama toka jikoni, kaka, na mwiko mkononi. Nilitaka mtungi upasuke. Siku ulipopasuka kweli motoni nilimwambia pole, na moyoni nikapata raha mpaka jioni.

Mashaka alipokwenda Tabora kwenye kazi ya reli, mwaka wa pili huu, tulibaki wawili chini ya uangalizi wa kaka yake Isihaka. Ndipo Zubeda aliponifungulia moyo. Tulikuwa kijitoni tunachimba udongo, nami nilikuwa nimemfuata ili kumsaidia kubeba. Aliniambia kwamba Mashaka hakumfanyia ubaya wowote, hakumpiga wala hakumlaza njaa, lakini amechoka kuwa mtu wa kuombewa ruhusa. Alisema, "Dada, nataka kukaa kwangu. Niwe na mlango nikifunga nimefunga mimi, nikifungua nimefungua mimi. Pale kwa mama kiwanja kipo. Sitaki mume mwingine, nisije nikasemwa. Nataka kukaa tu."

Akaniomba nimwandikie Mashaka amwache kwa wema, naye yu tayari kurudisha mahari. Nilimwandikia. Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu nilikuwa na yakini kwamba Mashaka atakataa. Nikaiandika kwa hati nzuri, kama marehemu baba alivyotufundisha ubaoni, bila kupunguza neno. Nilijiona mwema sana siku ile.

Jibu lilifika siku nne kabla ya Idi ya Mfungo Tatu. Zubeda alikuwa uani, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko, akasema nisome upesi. Nilisoma kwanza kimya, halafu nikamsomea kwa sauti kwamba mume wetu anatusalimu, ombi amelipokea, hakatai wala hakubali. Tusubiri arudi, waonane macho kwa macho, na kabla ya hapo asitoke nyumbani bila ruhusa yake. Zubeda akauliza, "Basi?" Nikamwambia basi. Akageuka, akarudi kwenye udongo.

Tuliishi hivyo miezi minne. Kazi alifanya, jikoni alinisaidia, na nilipougua yeye ndiye aliyekuwa akinipikia uji na kuninywesha kwa mkono wake. Kila baada ya siku kadhaa aliniomba nimsomee tena ile barua, hasa mahali pa kusubiri, kwa kuwa alitaka kujua kama maneno yale yana tumaini ndani yake au hayana. Nikawa namsomea.

Mwezi wa Mfungo Saba ikaja barua yako ya ugonjwa wa Bi Biasha. Hiyo niliisoma kama ilivyo, sikupunguza. Zubeda alifunga kanga yake saa ileile. Shemeji Isihaka akasimama mlangoni, akamwambia kwamba yeye ameachiwa amana, na mke wa mtu hapandi gari moshi kwa matakwa yake. Zubeda hakupiga kelele. Alisema, "Shemeji, mama yangu anakufa." Isihaka akamjibu kwamba amesikia, na Mungu atamponya mgonjwa, lakini mume kwanza aandikiwe. Akisema aende, yeye mwenyewe atamfikisha stesheni na mzigo atambebea. Isihaka si mtu mbaya, kaka. Alikuwa anashika alichoambiwa kushika, na aliambiwa na mimi, maana ile barua ya kwanza hata yeye nilimsomea hivyohivyo.

Nikaandika barua ya kuomba ruhusa, wote wawili wamekaa mbele yangu. Siku tisa Zubeda alikuwa akienda stesheni kila gari la kutoka bara lilipopita. Anasimama pale, karani anatikisa kichwa, anarudi. Udongo hakuugusa tena. Siku ya kumi alikuja kijana wa reli na habari kwamba Bi Biasha amefariki, amezikwa. Isihaka aliona haya, akamwambia aende, ruhusa atamtolea yeye na lawama ataibeba yeye.

Alipokuwa anafunga mzigo aliniita chumbani kwake. Aliniomba nimsomee kwa mara ya mwisho pale mumewe aliposema asitoke, apate kuamini kwamba alimtii mumewe na hakumtupa mama yake kwa uzembe. Nikaishika karatasi, nikasoma. Nilikuwa nimechanganyikiwa, nikasema, "Usitoke mpaka nikuandikie." Zubeda akaniinulia macho, akasema kwa upole, "Dada, si hivyo. Inasema, asitoke nyumbani bila ruhusa yangu." Alikuwa ameyahifadhi, kaka, kama mtoto anavyohifadhi sura. Mimi niliyeyatunga nilikuwa nimeyasahau, na yeye aliyetungiwa alikuwa anayo kichwani neno kwa neno.

Sasa umeelewa. Maneno yale hayakuwamo kwenye barua.

Barua ya Mashaka nimeitia humu ndani, utaiona. Imeandikwa na mwalimu wa huko Tabora, na mashahidi wawili wametajwa kwa majina yao. Inasema kwamba yeye Mashaka bin Matano amemwacha mkewe Zubeda talaka moja, kwa radhi yake, na mahari hayataki. Anasema ameoa huko, mizigo miwili inamtosha. Halafu ananigeukia mimi. Anasema, "Na wewe Sikudhani usije ukaniletea maombi kama haya. Wewe ndiwe nguzo ya nyumba yangu. Kaa uniangalizie shamba." Hapo ndipo mkono wangu ulipogeuka. Yeye amekwenda zake, ameanza nyumba mpya. Zubeda naye anakwenda zake kukaa kwake. Mimi nguzo, na nguzo, kaka, ni mti uliochimbiwa ardhini ukatwishwa paa. Nilimtazama yule mwanamke amesimama na udongo mikononi, anangoja niufungue mdomo wangu awe huru, nikasema moyoni kwamba kama mimi sitoki, basi na yeye hatoki. Sikufikiri zaidi ya hapo. Maneno yalinitoka yenyewe, mazuri, yamepangika, kama nayasoma kweli.

Na ile barua ya pili, ya kuomba ruhusa, niliiandika mbele yao lakini sikuipeleka. Ningeipelekaje? Mashaka angejibu kwamba mtu anayeombewa ruhusa si mkewe tena. Niliwaambia nimempa karani. Niliitia katika kapu la mbegu, na mtu akasimama stesheni siku tisa kungoja jibu la barua iliyokuwa chini ya mpunga. Mama yake akafa anamwita. Eda yake ilikuwa imekwisha kabla Bi Biasha hajalala kitandani. Hakuhitaji ruhusa ya Mashaka, wala ya Isihaka, wala ya mtu yeyote aliye hai.

Kaka, watu wakisikia watasema ni wivu wa uke wenza, watacheka, yataisha. Usiwaache waseme hivyo. Wivu wa mume una dawa, mume akigawa sawa unapoa. Changu mimi ni kijicho cha mtu aliyeona mwenziwe anataka kitu ambacho yeye alikitaka tangu ujana wake, na akathubutu kukitamka kwa mdomo. Mimi sikuwahi. Nilijua kusoma na kuandika, nikaandikia nusu ya wanawake wa Magindu haja zao, na haja yangu mwenyewe sikuiandika. Aliyeitamka hajui hata alifu. Hilo ndilo sikuweza kumsamehe.

Amenitumia salamu kwamba baada ya arobaini atarudi huku kungoja kauli ya mumewe. Nakuomba kwa haki ya baba na mama, usimwache arudi. Mwite nyumbani kwako pamoja na wajomba zake, umsomee barua ya Mashaka, kisha umsomee hii yangu, yote, na mahali pa mtungi uliopasuka usiparuke. Na wale wanaomsengenya waite nao wasikie. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Akitaka kunisamehe atanisamehe siku yake, na asipotaka, ana haki. Vyombo vyake vyote nitavituma kwa gari la Jumatatu, na vyungu nimevifunga kwa majani ya mpunga mimi mwenyewe. Isihaka nitamwambia kesho asubuhi, kabla hajasikia kwa watu.

Nikuambie na jingine, usije ukadhani nimetakasika. Hata sasa ninapokuandikia, nikimfikiria Zubeda katika kiwanja cha mama yake, amefunga mlango wake mchana kweupe kwa kuwa hataki wageni, natamani mtungi wake upasuke vilevile. Sijapona. Nimechoka tu kuona ugonjwa wangu unavyowaua wengine.

Nimemwandikia Mashaka. Ni barua fupi, na ni ya kwanza ninayoiandika kwa jina langu. Nimemweleza niliyoyafanya, na chini yake nimemwomba aniache na mimi. Nimempa karani jana, kabla ya kuanza hii yako, nikasimama pale mpaka gari la bara likaondoka nayo, kwa sababu mikono yangu naijua. Akikubali sitakuja kwako Marui. Macho ya Zubeda sitayaweza, na wewe sitaki kukupa aibu ya kunifukuza wala uzito wa kunipokea. Mjane mmoja wa hapa, Mwamvita, ananikubali nikae upande wa nyumba yake nifundishe wasichana kusoma na kuandika. Akikataa, nitamwandikia tena.

Nisalimie wifi Mwamini, mwambie ukili aliouomba nimeusuka na utakuja pamoja na vyombo vya Zubeda. Wabusu watoto, na yule mdogo wa kike mpeleke chuoni pamoja na kaka zake, usingoje akue. Kaburi la Bi Biasha mlisomee Fatiha, na kama unaona yafaa, usome moja kwa niaba yangu bila kunitaja.

Mimi ndugu yako wa tumbo moja, niliyekukosea pamoja na hao niliowakosea,

Sikudhani binti Zahoro