Mama Mkwe Amekataa Mafumbo Yangu ya Gazetini

Nyanya Mukiri mpendwa,

Nimekuja kwako na shida ambayo nikiwaambia walimu wenzangu watacheka, kwa hiyo naomba msaada wako, na jina langu usilifiche maana hapa kijijini hakuna asiyejua. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na nimeposa msichana anayeitwa Mukami, binti wa mjane mmoja katika hivi vijiji vipya tulimokusanywa, vilivyozungushiwa handaki. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri, mama yake alipokea kibuyu changu cha kwanza cha asali akanibariki, hata akawa ananiita mwanangu. Basi Jumamosi moja nikaenda kumsalimia mapema, jua likiwa bado juu, maana kama unavyojua siku hizi za Hali ya Hatari kafyu ikipigwa na wewe uko njiani askari wa homgadi hawakuulizi unatoka kwa mkwe au unatoka msituni kwa wapiganaji, na mfukoni nilikuwa na gazeti lenye fumbo la maneno, lile la visanduku vyeupe na vyeusi, ambalo mimi nalipenda kuliko chakula.

Mama akauliza, "Hivyo visanduku ni vya nini?" Nikamwambia ni vitendawili vya kwenye karatasi. Nyanya, uso wake uliwaka kama taa! Akaniambia zamani ukweni kwao alikuwa anategua mpaka wazee wanalala na njaa. Akasema, "Nitegee basi, mwalimu, tuone kama shule imekufundisha kitu."

Nikamweleza kwanza namna mafumbo hayo yanavyofanya kazi. Kila fumbo lina upande mmoja unaotaja kitu chenyewe waziwazi, na upande wa pili unaoonyesha jinsi ya kukijenga, na mtungaji amezishona hizo pande mbili zionekane kama habari moja, kwa hiyo kazi yako ni kutafuta mshono. Nikamsomea la kwanza: "Nabii amefichwa ndani ya kalamu saba." Akafikiri, akachochea moto, akafikiri tena, akasema, "Nabii gani ana kalamu saba? Hata padri ana moja." Mimi nikaona anateseka, nikamwambia, "Mama, usitafute kalamu yoyote. Nabii ndiye kitu chenyewe, na neno 'ndani' linakuambia uchungulie. Sema polepole, kala-musa-ba. Umemsikia Musa katikati?" Akacheka kidogo.

Nikamsomea la pili: "Kichwa cha Juma mbele ya tunda, na shamba linalimika." Hilo lilimshika kabisa. Akasema, "Kichwa cha mtu! Hao wa gazeti wanalima na nini?" Mwisho akanyoosha mikono akaniambia, "Nimeshindwa. Taja ng'ombe unayemtaka." Mimi nikajua ni ule mtindo wa zamani wa kulipa ng'ombe wa mdomo ukishindwa, lakini Nyanya, ng'ombe wa huyu mama walichukuliwa wote mwaka jana wakati serikali ilipoutoza faini mlima wetu mzima, hakubakiwa hata na ndama, ana mbuzi wawili tu, basi nikamwonea huruma nikasema, "La, mama, usijisumbue na habari za ng'ombe, jibu nitakupa bure." Nikamweleza kwamba kichwa cha Juma ni herufi yake ya kwanza, tunda ni embe, ukiviunganisha unapata jembe. Akaepua chungu, akaniambia kafyu inakaribia.

Tangu siku hiyo mambo yameharibika. Mbuzi wake mmoja alipotea siku ya tatu, naye anawaambia majirani ni kwa sababu mimi nilitega vitendawili mchana, na kila mtu anajua vitendawili vya mchana hupoteza mifugo. Asali ya pili imerudishwa, kibuyu kimejaa vilevile. Mukami nikikutana naye mtoni ananiambia, "Mama hasemi, anaponda viazi vya irio kama anagombana navyo." Na mjomba wao anakuja kutoka Ishiara mwisho wa mwezi huu kusikia neno la nyumba kuhusu posa yangu, na mama ameapa atamwambia nyumba imenikataa. Nyanya, nimempoteza Mukami kwa ajili ya jua? Nimfidie mbuzi? Niache mafumbo? Nimwite padri amweleze kwamba hizo ni imani za zamani?

Ndwiga, mwalimu, Embu

*

Ndwiga mjukuu wangu,

Barua yako nimesomewa mara mbili na mkwe wangu Celina, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, siku nilipokuwa nawauzia ndizi walimu. Pole kwa kurudishiwa asali. Hiyo inauma. Sasa kaa chini nikukemee.

Padri mwache na kazi zake. Ukimpeleka kwa yule mama kumweleza jua, utarudishiwa asali na padri pia.

Mbuzi alipotea kwa sababu siku hizi kila mwenye mikono yuko kwenye kazi ya lazima, anachimba handaki, na mbuzi hawana mchungaji. Mama mkwe wako anajua hivyo kuliko wewe. Na kama angekuwa anaogopa jua, angekuzuia pale ulipofungua gazeti. Si yeye aliyekuambia umtegee? Jua lilikuwa pale pale, na alikuwa anacheka. Mtu akikasirika na hawezi kusema kilichomkasirisha, hushika kilicho karibu. Yeye ameshika mbuzi.

Sasa nikuambie kilichomuuma. Celina aliponisomea hilo la kalamu saba, nilishindwa. Nilimfikiria Yona, nikamfikiria Eliya, nikachoka. Nikamwambia Celina, haya, chukua yule mweusi mwenye nundu kubwa. Celina akasema, "Huyo ni mzee, mama, simtaki, hata ngozi yake haitoshi kiti." Tukabishana mpaka viazi vikaungua. Nikampa mtamba mwenye mimba, akaridhika, ndipo akaniambia ni Musa. Mimi sina mtamba, Ndwiga. Hata huyo mweusi sina. Celina anajua, yeye ndiye anayefagia boma langu tupu kila asubuhi. Lakini alinidai, tena alinidai sana, na mimi usiku ule nililala kama mtu mwenye mali.

Wewe ulipewa neno zito na mama wa watu. Alikuambia, taja ng'ombe. Alikuwa amesimama mbele yako kama mwenye boma. Ukamjibu atapewa bure! Bure hupewa nani? Hupewa mtoto anayeanza kujifunza, na maskini mlangoni. Ulimwambia kwa mdomo wako, mbele ya moto wake mwenyewe, kwamba hata ng'ombe wa maneno hana tena. Najua ulikuwa na huruma. Huruma yako ilikuwa na haraka, na haikumuuliza mwenyewe kama anaihitaji.

Na hilo la Musa, ulimpa jibu kabla hajakubali kushindwa. Nani amekufundisha hivyo? Darasani kwako sawa, kengele italia. Lakini mtu mzima akiwa ameshika fumbo, mwache nalo. Kukaa kimya na kuchochea moto ndio utamu wenyewe.

Kwa hiyo usipeleke mbuzi. Ukimfidia mbuzi utakuwa umekubali uongo anaojifichia, na utakuwa umempa kitu cha bure mara ya pili. Asali iache nyumbani kwako kwanza.

Wiki hii, kabla mjomba hajatoka Ishiara, nenda na gazeti. Nenda mapema kama kawaida, usije ukalala korokoroni kwa ajili ya Musa. Akisema jua liko juu, funga mlango. Ndani ya nyumba za hivyo vijiji vyenu kuna giza la kutosha mifugo yote. Usiombe msamaha kwa maneno marefu. Mwambie, "Mama, siku ile niliondoka bila kuchukua changu. Nimekuja kudai." Kisha unyamaze.

Atakutukana kidogo. Vumilia.

Kisha atakutajia ng'ombe. Wa kwanza mkatae, sema ana mbavu nje. Mkatae hata wa pili. Mfanye amsifu mnyama wake, rangi, pembe, maziwa, mama yake alikuwa nani. Na akimtaja mmoja ukaona sauti imebadilika, huyo alikuwa wa kweli, alimkamua kwa mikono yake. Hapo usishushe macho na usiseme pole. Sema, "Huyo namchukua."

Halafu umwachie naye akutegee. Atakushinda, na wewe ulipe. Usilipe kuku kwa kuwa mshahara wako ni mdogo. Lipa dume.

Wale waliokuja mwaka jana na karatasi zao za faini walichukua boma zima bila kumuuliza neno moja. Hapo mhariri wa gazeti hili anakohoa, basi naacha. Lakini wewe unataka kuwa mwanawe. Muulize, umsubiri achague mwenyewe ng'ombe yupi atoke.