Mstari Uliokata Mpaka

Incheon, mwezi wa kumi

Mdogo wangu Gyu-cheol,

Pokea salamu zangu kutoka kitandani. Natumaini magoti yako yametulia, na kwamba mkeo bado anakugombeza kwa kumaliza kaa wa chumvi kabla wageni hawajafika. Mapafu yangu yamechoka. Madaktari sasa wanazungumzia wiki, si miezi. Lakini usihuzunike. Tangu jana nina furaha ambayo hata muuguzi ameitilia shaka. Alinipima mapigo ya moyo mara mbili, kisha akaniuliza kama babu amepata mchumba wodi ya pili.

Nimeipata njia yako, Gyu-cheol! Ile ya miaka kumi na tisa iliyopita!

Jana alikuja Bi. Pyo, niliyefanya naye kazi katika chumba cha kufuatilia meli za mpakani. Alileta kompyuta yenye nukta zote za mashua yako siku ile, moja kila dakika tatu. Unajua kazi yetu ilivyokuwa: chombo hutuma mahali kilipo, nasi huunganisha nukta tukapata njia. Zikizidi, ramani hujaa, kwa hiyo mashine hutupa zile zinazoonekana hazibadilishi njia sana. Siku ile ilibaki moja kabla ya Mwamba wa Shakwe na moja baada yake. Mstari ulionyooka kati ya hizo mbili ulikata mpaka wa bahari. Hiyo ndiyo ramani iliyowekwa mbele ya baraza la kuhukumu makosa ya baharini, ukanyang'anywa leseni ya unahodha.

Bi. Pyo alizirudisha zote. Laiti ungeona! Nukta kumi na moja zimeuzunguka mwamba upande wetu, zimepinda vizuri kama ukingo wa bakuli. Akapiga paja, akasema nahodha huyu mwoga kuliko kuku, huo mpaka hakuusogelea hata kidogo. Nilicheka hadi wakaniwekea oksijeni.

Uliliambia baraza kwamba mlizunguka huko kwa sababu ya mkondo, wakakucheka. Baba naye hakukuamini. Alikukataza kusujudu kwenye ibada ya kumkumbuka marehemu mama, akasema anayevuka mpaka kwa tamaa ya kuvua kaa asimmiminie mamake pombe ya tambiko. Akafa na neno hilo.

Sasa lililo gumu. Bi. Pyo hakunionyesha jambo jipya. Ni mimi niliyeiagiza mashine itupe nukta nyingi hivyo, maana mkuu alitaka ramani nyepesi. Kwenye kioo mashua yako ilikuwa namba tu. Sikujua ni wewe. Lakini wiki moja baada ya hukumu nilizifungua zote, nikaona nilichokiona jana. Nikafunga. Kusema kungetia shaka kila njia niliyowahi kuchora, nami nilikuwa nangoja kupandishwa cheo. Nilipandishwa. Baba aliishi miaka sita baada ya hapo, nami nilikula naye kila sikukuu, nikanyamaza.

Nimeandika maelezo yote na kugonga muhuri wangu. Jumatatu saa nne asubuhi maofisa wa baraza watakuja hapa wodini kuyapokea, na wanataka uwepo. Sikuombi msamaha. Njoo uchukue kilicho chako. Ukitaka kunitukana, nitukane mbele yao, waandike na hilo.

Msalimie mkeo. Mwambie, kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba mumewe hakuvuka.

Kaka yako,
Tak Gyu-sik