Samaki Si Ndama

Mujukuu wangu Furaha, Bwana asifiwe! Uko muzima huko Walikale? Huku Muheto tuko wazima, na dada yako amezaa mutoto muzuri.

Unauliza kwa nini samaki ya kidimbwi chako inakula muchwa kila siku lakini haikomai. Nimecheka! Baba yangu, mutu wa ng'ombe, alikataza tusivue katika kidimbwi chake hata mudogo mumoja mupaka ndoa yangu. Kidimbwi kikajaa samaki ya ukubwa wa kidole. Mama akaingia na kitunga, akavua tele.

“Mama, unachinja ndama!” Baba akalia.

“Ndama hizi njo zinamaliza chakula ya zingine, Papa!” Mama akamujibu.

Siku ya ndoa, Mungu ni mwema, samaki moja ilijaza sahani! Baba akawaonyesha wageni samaki ile kama fahali yake.

Vua wadogo, muwale, kisha uniandikie upesi.

Nyanya yako