Vioo vya Mustang ya Baba

Kiseke, Mwanza
14 Juni 1997

Dada Odeta, shikamoo.

Mvua zimekatika. Jirani yetu Selina amejifungua mapacha.

Kile kigari kidogo cha plastiki cha kuunganisha vipande ulichomtumia Baba kutoka Toronto kilifika Februari. Ni Mustang ileile ya Kimarekani aliyoitafuta miaka yote kwenye maduka ya mjini. Mwanzoni hakukigusa, kwa sababu ya ugomvi wenu. Baadaye akaanza kubandika kwa gundi kipande kimoja kimoja. Siku moja akaniambia, "Mwandikie Odeta aje. Vioo tutaviweka mimi naye."

Sikukuandikia, dada. Nilikuwa bado na hasira kwamba ulituacha.

Baba alifariki Jumanne. Jana tumemzika Sengerema.

Kila jioni alikuwa akiniuliza kama umejibu, nami nikimwambia bado.

Mdogo wako,
Dorcas