Umeme Uleule Ukatosha

Lusajo mjukuu wangu,

Ugonile? Huku Kisondela tu wazima. Mvua inanyesha vizuri, miparachichi imetoa maua, na shangazi yako amefungua duka la vitenge Tukuyu mjini.

Umeniuliza kama naamini hiyo miji janja unayosomea Dodoma, ambako mitambo itagawa umeme wa jua na wa maji bila kuchoma mafuta. Nimekumbuka jioni aliyozaliwa baba yako.

Wakati huo umeme wetu ulitoka kwenye mtambo mdogo pale mtoni. Uliwasha taa za zahanati na kuendesha mashine ya kusaga. Nikiwa kwenye uchungu pale zahanati, taa ikafifia hata mkunga hakuniona vizuri. Babu yako akakimbilia mashineni, ambako akina mama walikuwa wamepanga foleni na mahindi yao.

"Zimeni, jamani! Mke wangu anajifungua gizani!"

Mwenye mashine akazima papo hapo. Taa ikang'aa, na baba yako akazaliwa salama. Asubuhi wale akina mama walikuja kunipa hongera. "Tumekubaliana tutasaga mchana," wakaniambia. "Jioni umeme ni wa wagonjwa."

Mto haukuongezeka maji, Lusajo. Watu walisikilizana, umeme uleule ukatosha. Kama mitambo yenu itajua nani anahitaji mwanga kwanza, basi ninaamini. Ijengeni miji hiyo, nami nitapanda basi nije niione.

Bibi yako anayekuombea kila siku.