Shikamoo Bibi

Rahabu, natamani nijifiche chini ya meza ya ofisi nisitoke tena.

Asubuhi nilikuwa naita majina darasa la tano kama kawaida, nikafika kwa Jenoveva. Yule anayevaa sweta la bibi yake, linamfika magotini. Wenzake humwamkia kila siku, "Shikamoo bibi!" Yeye hajibu, ananitazama tu. Nikajua ni utani wao.

Leo sijui nilipatwa na nini. Nikamwamkia MIMI. Mwalimu wake! "Shikamoo bibi." Darasa zima likaangua kicheko.

Akavua sweta. Kwa baridi hii ya Lushoto, Rahabu, ukungu umejaa mpaka madirishani! Akalikunja, akalisukumia ndani ya dawati, akakaa anatetemeka.

Nikamtoa nje. "Samahani mwanangu, nilikuwa natania." Eti natania! Nikamwambia atakayemwamkia hivyo tena atanikuta mimi. Akawa anaangalia viatu vyake tu.

Mwishowe akasema, polepole kabisa, "Mwalimu, kila siku nilikuwa nakutazama wewe. Nilikuwa nasubiri uwakataze."